Kisu cha Bandia Nacho Hukata

Watu wengi wanapoambiwa kwamba wapo wazee wanaokusanya visu vya zamani vya kukunja, hucheka. Wakiambiwa tena kwamba wapo mafundi wanaoghushi visu hivyo, na wapo wanunuzi wanaotoa fedha nyingi kwa kisu kilichoghushiwa, huuliza swali ambalo kwa juu ni la mzaha lakini kwa ndani ni zito: "Kwani hicho cha bandia hakikati?" Jibu ni kwamba hukata. Pengine hukata vizuri kuliko kile cha kweli, kwa kuwa chuma chake ni kipya na makali yake hayajaliwa na jiwe la kunolea. Basi ikiwa kazi ya kisu ni kukata, na cha bandia kinakata, kosa liko wapi? Nani kaibiwa, na kaibiwa nini?

Swali hili ndilo nitakalolishughulikia katika sura hii, wala sitaki kulijibu kwa pupa. Nimeishi na swali hilihili katika kazi yangu ya ualimu kwa miaka mingi, ingawa huko lilivaa nguo nyingine, kama msomaji atakavyoona.

Mimi ninavyo visu ishirini na vitatu tu, kwa hiyo sijihesabu miongoni mwa wakusanyaji wakubwa. Nilivipenda kwa sababu ya chaki na penseli. Zamani zile vichongeo havikuwa vingi, na mwalimu wa darasa la kwanza alitembea na kisu kidogo mfukoni ili awachongee watoto penseli zao. Hata Waingereza kisu hicho kidogo hukiita kwa jina la kalamu, kwa kuwa hapo kale kilitumika kuchongea kalamu za manyoya ya ndege. Nilipokwenda masomoni kaskazini ya Uingereza mwaka 1983, nilijikuta siko mbali na mji wa Sheffield, ambako visu hivyo vilikuwa vikitengenezwa kwa karne nyingi. Kila Jumamosi nilipita kwenye meza za wauza vikorokoro, nikashika, nikauliza, nikajifunza.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba tatizo la bandia si la leo. Chama cha mafundi visu wa Sheffield na vitongoji vyake, eneo liitwalo Hallamshire, kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuandikisha alama za mafundi na kuzilinda. Fundi alipiga alama yake kwenye chuma, na mnunuzi, hata kama hakujua kusoma, aliitambua. Kampuni ya Joseph Rodgers ilitumia nyota na msalaba wa Malta. Kampuni ya George Wostenholm ilitumia herufi I*XL, ambazo zikisomwa kwa Kiingereza husikika kama mtu anayesema kwamba yeye amewashinda wenziwe. Kwa kuwa visu hivyo vilisifika duniani, vikaigwa duniani. Katika karne ya kumi na tisa watengenezaji wengine wa Solingen, Ujerumani, walipiga jina la Sheffield kwenye visu vya rahisi, na malalamiko hayo yalichangia kuzaliwa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 juu ya alama za bidhaa. Lakini tusiwaonee Wajerumani. Solingen nayo ilikuwa na mafundi hodari wa kwelikweli, na jina lake nalo likaja kuchezewa na wengine, hata mwaka 1938 likalindwa kwa sheria ya nchi yao. Aliyeigiza jana huigizwa leo.

Sasa, mtu hutambuaje kisu cha bandia? Nitaeleza kwa ufupi, si kwa kutaka kumfanya msomaji awe mkusanyaji, bali kwa sababu namna ya kuutambua uongo hutuonyesha uongo wenyewe ni kitu gani.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni pale shina la ubapa linapoingia kwenye mpini, kwa kuwa ndipo penye mhuri wa mtengenezaji. Mhuri wa kweli ulipigwa wakati kisu kilipotengenezwa. Kutu, mikwaruzo na kulika kwa chuma vilikuja baadaye. Kwa hiyo mhuri sharti uwe mkubwa kwa umri kuliko kutu. Ukichukua kioo cha kukuzia ukaona kwamba chuma kina vishimo vya kutu, lakini kingo za herufi bado ni kali na zimekata juu ya vishimo hivyo, basi jua kwamba mhuri ulizaliwa baada ya uzee. Hilo haliwezekani katika maumbile.

Pili, hutazamwa kama maneno ya kisu yanapatana na mwili wake. Visu vingi vya Joseph Rodgers vina herufi za mfalme au malkia aliyetawala: V R ni za Malkia Victoria, aliyefariki Januari 1901. Sasa ukiona kisu chenye herufi hizo kinasifiwa kuwa ni cha enzi yake, na ubapa wake ni wa chuma kisichoshika kutu, huna haja ya kubishana na muuzaji. Chuma hicho kilianza Sheffield kwa Harry Brearley mwaka 1913. Vilevile sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Kwa hiyo neno "England" kwenye shina aghalabu humwambia mkusanyaji kwamba kisu ni cha baada ya hapo.

Tatu, hutazamwa mpini. Mfupa halisi ukiukuza huonyesha vitundu na vistari vidogo vyeusi, njia za damu za mnyama alipokuwa hai. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo. Ikitazamwa pale ilipokatwa kwa upana, huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Seluloidi, ambayo ilianza kutumika kuanzia miaka ya 1870 kama badala ya pembe, mistari yake imenyooka na kulingana mno, kama daftari la mtoto. Hutazamwa pia misumari midogo inayoshika mpini: ikiwa mpini umezeeka na misumari inang'aa, kuna mkono uliopita hapo. Mwisho kisu hufunguliwa na kufungwa taratibu, sikio likisikiliza springi. Ubapa uliokutana na springi yake tangu kiwandani hutulia mahali pake bila pengo. Ubapa uliotolewa kwenye kisu kingine huyumba.

Hapa niseme jambo ambalo mgeni wa mambo haya huwa halitarajii. Visu vya bandia vilivyo vigumu kutambua si vile vilivyobuniwa vyote tangu mwanzo. Vigumu ni vile ambavyo karibu kila kipande chake ni cha kweli. Ubapa ni wa kweli, umetoka kisu kimoja. Mpini ni wa kweli, umetoka kisu cha pili. Springi ni ya kweli, imetoka cha tatu. Kila kipande ukikiuliza peke yake kitasema kweli. Uongo uko katika kuvikalisha pamoja na kusema, "Hivi tulizaliwa siku moja." Je, wangapi miongoni mwetu hatujawahi kusikia hotuba ya namna hiyo, ambayo kila sentensi yake ni ya kweli na jumla yake ni uongo mtupu?

Upo pia uongo wa kufuta. Kampuni ya Case ya Marekani ilipiga mhuri wa CASE XX tangu mwaka 1940 hadi 1964. Ikaongeza herufi U.S.A. kuanzia mwaka 1965. Na kuanzia mwaka 1970 ikaweka nukta kumi, ikawa inapunguza nukta moja kila mwaka. Mwenye kujua hesabu hii huutaja mwaka wa kisu kama mtu asomaye kalenda. Basi mghushi hahitaji kuongeza neno lolote. Huchukua msasa akazifuta zile herufi U.S.A., na kisu kikaonekana kuwa cha zamani zaidi. Ukimshtaki atasema, "Mimi sikuandika lolote." Ni kweli hakuandika. Amenyamazisha shahidi.

Tukishayajua hayo tunaweza kurudi kwenye swali letu kwa macho yaliyo wazi. Tuchukue mfano mmoja utakaotusaidia kutenganisha mambo. Kampuni ya Remington ilitengeneza visu vya mfukoni vilivyopendwa sana katika miaka ya 1920 na 1930, na kimoja chao chenye alama ya risasi mpinini hutafutwa na wakusanyaji hadi leo. Kuanzia mwaka 1982 visu vya namna hiyo vilitolewa upya kwa jina lilelile, vikauzwa waziwazi kama matoleo mapya. Hakuna aliyedanganywa. Sasa mtu mmoja anakinunua kimoja kati ya hivyo vipya, anakipaka tindikali kidogo, anakisugua, anaupaka mpini rangi ya chai, kisha anakiuza kama cha mwaka 1925. Chuma ni kilekile. Makali ni yaleyale. Jana kilikuwa kisu cha haki, leo ni cha bandia. Kumbe basi ubandia hauko katika chuma hata kidogo. Uko katika lile neno linalopita kati ya mtu na mtu. Kisu chenyewe hakijui kusema uongo. Watu ndio wanaojua.

Kwa hiyo yule anayeuliza, "Kwani hakikati?" anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mnunuzi hakununua kukata. Angetaka kukata angekwenda dukani akapata kisu kwa bei ya kilo mbili za sukari. Alinunua kushika kitu kilichoshikwa na fundi fulani, katika karakana fulani, kabla babu yake hajazaliwa. Alinunua ushahidi, naye akapewa shahidi wa kukodi.

Lakini atakuja mwenye hoja kali zaidi, aseme: "Haya, na kama mnunuzi hatajua milele? Anafurahi, anakitazama kila jioni, atakufa akiwa na furaha yake. Nani kadhurika?" Hoja hii sikuisoma vitabuni tu. Miaka michache iliyopita mwalimu mwenzangu mstaafu alinijia na kisu ambacho wanafunzi wake wa zamani walimchangia na kumzawadia, wakijua kwamba anapenda vitu vya kale. Walikiagiza ng'ambo kwa fedha nyingi, kikasemwa kuwa ni cha enzi ya Malkia Victoria. Aliniambia, "Mwalimu, wewe ndiwe mtaalamu. Nitajie tu mwaka wake, niwaandikie vijana barua ya shukrani." Nilikitia chini ya kioo. Herufi V R zilikuwa zimepita juu ya vishimo vya kutu, kali kama zilizochorwa juzi.

Fikiri, msomaji, ungefanyaje. Kisu hakikuwa cha kuuzwa, kwa hiyo hapakuwa na mnunuzi mwingine wa kulindwa. Ningeweza kutaja mwaka wowote, 1880 kwa mfano, na mzee mwenzangu angekwenda nyumbani kwa furaha. Nilimwambia kweli, tena kwa utaratibu, nikampa kioo aone mwenyewe. Alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza, "Basi zawadi yangu ni bure?" Nikamwambia la, hasha. Wale vijana walichanga kwa mapenzi, na mapenzi hayo hayakughushiwa na mtu. Kilichoghushiwa ni herufi mbili.

Sababu yangu ya kusema ilikuwa hii. Mtu akikuuliza kwa sababu anakuamini, jibu lako nalo ni mhuri. Kama ningetaja mwaka wa uongo ili kumfurahisha, nami ningekuwa nimepiga chapa ya kubuni juu ya kitu kisichostahili, na tofauti yangu na yule mghushi ingekuwa ya bei tu. Siku nyingine nikimwambia, "Bwana, hiki ni cha kweli," neno langu lingekuwa na thamani gani? Hii ndiyo hasara ambayo yule mwenye hoja ya furaha haioni. Bandia haimwibii mnunuzi mmoja. Huviibia vitu vyote vya kweli. Leo mkusanyaji akiletewa kisu safi kabisa kilichotunzwa sandukuni miaka mia, jambo la kwanza analofanya ni kukitilia shaka, na mjane anayekiuza kwa shida zake hupewa nusu ya haki yake kwa sababu ya udanganyifu wa watu asiowajua.

Ama kuhusu wanafunzi, mwenzangu aliamua kuwashukuru wote kwa barua, na kumweleza faraghani yule mmoja tu aliyefanya ununuzi, ili asirudi kwa muuzaji yuleyule. Naona alitenda sawa. Kusema kweli hakumaanishi kuitangaza kwa tarumbeta. Ipo tofauti kati ya kuficha na kutosambaza, na mtu mwenye busara huijua kwa kujiuliza: je, kimya changu kinamwacha mtu aumie?

Nimesema kwamba swali hili lilinifuata katika ualimu. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilipohakiki vyeti vya watumishi wake, ilitangazwa kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Walimu walikuwemo. Katika baraza za wazee wastaafu hapakuwa na mazungumzo mengine kwa wiki kadhaa. Nami nikasikia, kwa maneno karibu yaleyale, swali la kisu: "Fulani kafundisha miaka ishirini, watoto wake wamefaulu, leo anaambiwa cheti si chake. Kwani alikuwa hafundishi?"

Alikuwa anafundisha. Sitaki kumnyima haki hiyo. Lakini cheti, kama mhuri wa fundi, hakisemi kwamba mtu anaweza kazi. Kinasema kwamba alipita njia fulani, mbele ya macho ya watu fulani, wakaridhika naye. Mzazi aliyeko kijijini hawezi kumpima mwalimu wa hesabu; anautegemea mhuri. Anayeughushi anautumia upofu wa yule mzazi kama ngazi. Tena kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi kamwe: kijana aliyefeli, akakubali kwamba amefeli, akarudi shambani au akarudia mtihani kwa jina lake mwenyewe. Nafasi iliyokaliwa na cheti cha bandia ilikuwa ya mtu kama huyo, au ya aliyefaulu kwa haki akakosa ajira. Hao hawana mtu wa kuwatetea barazani, kwa kuwa hakuna anayewaona.

Hata hivyo, mwaka 2022 Serikali iliamua watumishi wale warudishiwe michango yao wenyewe waliyokatwa kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Wengine walinung'unika kwamba huko ni kuwazawadia waongo. Mimi niliona kuwa ni haki. Cheti kilikuwa cha bandia, lakini jasho halikuwa la bandia. Kama vile ninavyoweza kumwambia mtu, "Mhuri huu ni wa uongo, lakini chuma chako ni kizuri, kitumie," ndivyo inavyopasa kumhukumu binadamu kwa vipande vyake vyote, si kwa kile kibovu peke yake.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo hunizuia nisiabudu uhalisi. Visu vilivyotukuka zaidi vya Sheffield vilikuwa na mipini ya pembe za ndovu. Katika karne ya kumi na tisa Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe hizo, nazo zilifika pwani kwa mabega ya wapagazi kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, na wengi wao walianguka njiani. Biashara ya kimataifa ya pembe ilikatazwa kwa uamuzi wa mwaka 1989 ulioanza kufanya kazi mwaka 1990, na Uingereza yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kutumika mwaka 2022, inayozuia kuuza vitu vya pembe, hata vya kale, isipokuwa vichache. Mwenye mpini wa seluloidi uliouzwa waziwazi kama seluloidi ana kitu cha kuiga, lakini mikono yake ni safi. Mwenye mpini wa pembe halisi ana kitu cha kweli, na ukweli huo una damu ya mnyama na pumzi ya mpagazi. Kwa hiyo kuwa halisi si kuwa chema. Uhalisi hutuambia kitu kimetoka wapi. Haujatuambia bado kama ilikuwa haki kitoke huko.

Ndiyo maana kisu cha bandia kikinifikia sikitupi, wala sikirudishi sokoni. Nakichora kwa ncha ya msumari, upande wa ndani wa mpini, neno moja: "Nakala." Kisha nakitumia kuchongea penseli za wajukuu. Hukata vizuri sana, na hakuna tena anayedanganywa.